Zulia Lisilokatwa

Ilikuwa Jumanne, saa tano na nusu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri bila upepo. Fundi wa mazulia aliegesha pikapu yake mbele ya nyumba yetu. Alishusha zulia lililoviringishwa, refu kuliko yeye, akalibeba begani kwa uangalifu kama mtu anayembeba mgonjwa. Mafundi wenzake wanamwita Sentimita, kwa sababu hupima kila kitu mara tatu na yuko tayari kugombana na mteja kwa ajili ya sentimita moja.

"Hodi, mama! Huyu mgeni wako ni mzito. Nimlaze wapi?"

"Sebuleni," nilimjibu.

Mama mkwe wangu alisimama mlangoni pa chumba chake, miguu mitupu juu ya saruji, akatazama. Hakucheka.

Zulia nililitaka kwa ajili ya binti yangu. Alikuwa na miezi minane, alikuwa ameanza kutambaa, na magoti yake yalikuwa yamebabuka. Tulikuwa tumehamia katika nyumba ya wazazi wa mume wangu wiki tatu kabla ya hapo, ili Mama asikae peke yake. Baba mkwe sikumkuta. Alifariki mwaka mmoja kabla ya harusi yetu.

Mimi nilikulia mahali pa baridi. Kwetu sebule hufunikwa zulia kutoka ukuta hadi ukuta, na zulia lenyewe huwa kipande kimoja. Zulia lenye kiungo ni aibu. Watu husema umeokota mabaki. Kila siku kabla ya saa sita mchana tunalichana kwa brashi mpaka manyoya yake yote yalale upande mmoja. Mgeni akiingia hapaswi kuona ulipopita wala kukusikia ukija. Nyumba isiyo na kishindo ndiyo nyumba yenye adabu.

Kwa akina mume wangu mambo ni kinyume. Sakafu yao ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ikasuguliwa kwa nta hadi ikaonyesha sura ya mtu. Hupigwa deki mara mbili kwa siku. Wote hutembea peku, na kila mmoja hujulikana kwa mguu wake. Mama alikuwa na desturi ya kumwambia mwanawe, kabla hajaingia chumbani, "Leo umechoka," na hakuwahi kukosea. Nilipotaja zulia kwa mara ya kwanza, aliniuliza kwa upole, "Kwenu mnaficha nini chini yake?"

Kati ya sebule na korido palikuwa na kizingiti cha mbao, kimo cha vidole vitatu. Upande wa sebule, karibu na mwimo wa kushoto wa mlango, mbao ilikuwa imebonyea. Sentimita alipapasa pale kwa kidole gumba, akanigeukia.

"Nani anakipiga teke hiki? Nikiache au nikiondoe? Nikikiacha itabidi nilikate zulia hapa, niendelee upande wa pili na kipande kingine."

"Kiondoe," nilisema. "Nataka lipite moja kwa moja mpaka chumba cha mtoto."

"Hicho kiacheni," Mama alisema.

"Mtoto atajikwaa, Mama."

"Mtoto atajifunza kukiruka. Baba yake alijifunza."

"Kwani kina kazi gani?"

Mama alitazama kiti chenye mikono kilichokuwa karibu na dirisha la sebule. Hakuna aliyekuwa akikikalia, na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba hakisogezwi.

"Kina kazi yake," alisema.

Nilidhani ni ukaidi wa mtu mzima anayeona nyumba yake ikibadilishwa na mgeni. Nilimpa fundi ishara. Alihangaika nacho karibu nusu saa, akitokwa na jasho. "Kimekaa kama mwenye nyumba," alilalamika. "Hakitaki kutoka." Hatimaye kilitoka. Alikitupa nyuma ya pikapu yake, akisema mbao nzuri haitupwi. Saa kumi alasiri zulia lilikuwa limetandazwa, rangi ya majivu, kutoka dirishani, kupitia korido yote, hadi chini ya kitanda cha mtoto. Halikukatwa popote.

Mama alitembea juu yake hatua chache, akasimama.

"Nyumba imeziba masikio," alisema, akaingia chumbani kwake.

Jumatano saa sita kasorobo nilipiga magoti kulichana. Kutoka kwenye kiti cha dirishani hadi pale kizingiti kilipokuwa, palikuwa na alama za miguu mitupu. Unyayo wa kulia ulikuwa umekanyaga wote. Wa kushoto haukuwa unyayo. Ulikuwa mchirizi mrefu, kama uliopigwa na ufagio. Nilidhani ni za Mama. Nilizichana, zikatoweka.

Alhamisi sebule ilikuwa safi kama nilivyoiacha. Alama zilianzia kwenye nafasi ya kizingiti na kuishia katikati ya korido. Niliona ni ajabu mtu kuanza kutembea kutoka hapo, lakini mtoto alikuwa akilia, nami nilizichana haraka haraka. Nilipompelekea Mama chai yake nilimuuliza:

"Mama, mguu unakusumbua?"

"Miguu yangu mizima. Kwa nini?"

"Nimeona alama kwenye zulia. Kama za mtu anayeburuta mguu."

Aliweka kikombe chini.

"Ziko wapi?"

"Nimeshazichana."

"Zilielekea wapi?"

"Koridoni."

"Na za kurudi?"

Nilifikiri kidogo. Nilikuwa nimechana eneo lote kwa mkono wangu, na nilikumbuka kila kitu.

"Hapakuwa na za kurudi."

Mama alinyanyuka. Aliniangalia kwa muda, kama anayepima iwapo naweza kubeba mzigo fulani, kisha akaona siwezi. "Asante kwa chai," alisema, akafunga mlango.

Ijumaa nilikuwa uani nikifua nguo za mtoto, kama kila siku saa nne. Mtoto alikuwa amelala chumbani kwake. Niliporudi ndani saa nne na nusu, alama zilikuwa zimeanzia pale zilipoishia jana, na zilikuwa zimefika mlangoni pa mtoto.

Sikuzichana. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi, lakini tepu yangu ya kupimia haikuwa mbali. Nilihesabu hatua: kumi na mbili. Nilipima hatua moja: sentimita thelathini. Nilizikumbuka za Jumatano na za Alhamisi, nikazichora zote kwenye karatasi. Kila siku hatua kumi na mbili, kila siku mita tatu na sentimita sitini, na kila siku zikianzia mwisho wa siku iliyotangulia. Kisha nilipima kutoka mlangoni hadi kitanda cha mtoto. Mita tatu na sentimita thelathini.

Hatua ya kumi na moja ingefika kitandani.

Nilimchukua mtoto, nikaenda kukaa naye uani mpaka mume wangu alipotoka kazini. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na hupenda kuingia na utani.

"Leo napokewa nje? Nimefeli mtihani gani?"

"Njoo uone kitu."

Nilimwonyesha korido. Alitabasamu, akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya mchirizi wa mguu wa kushoto. Tabasamu liliondoka taratibu.

"Nani amekuja hapa?"

"Hakuja mtu. Ni za nani?"

"Baba alitembea hivi," alisema. "Baada ya kupooza."

"Si mimi niliyesema kiacheni?" Mama alikuwa nyuma yetu. Juu ya zulia hatukuwa tumemsikia.

Tulikaa jikoni, kwa sababu jikoni hapakuwa na zulia. Mama alizungumza akiwa amemwangalia mtoto tu.

Baba mkwe alipopooza upande mmoja, mtaalamu wa viungo alimwandikia zoezi. Kila siku saa nne na robo asubuhi atoke kwenye kiti cha dirishani, atembee hatua kumi na mbili hadi kwenye korido, ashike mwimo wa mlango, ageuke, arudi hatua kumi na mbili. Alilifanya zoezi hilo mwaka mmoja na nusu. Siku aliyofariki alikuwa amelimaliza, na alikuwa amekaa.

"Wiki moja baada ya mazishi nilimsikia," Mama alisema. "Pa, shwaa. Pa, shwaa. Halafu to! Kidole kinagonga kizingiti. Hapo anajua amefika, anashika mwimo, anageuka. Pa, shwaa, mpaka kwenye kiti. Kila siku."

"Mama!" mume wangu alisema. "Miaka miwili na zaidi hujatuambia?"

"Ningekupigia simu nikuambie nini? Baba yako hajambo, anaendelea na mazoezi?"

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka tucheke.

"Sasa kizingiti hakuna," aliendelea. "Hagongi kitu. Hasikii miguu yake mwenyewe. Anamaliza kumi na mbili, anangoja kesho, anaendelea. Ataendelea mpaka apate kitu cha kushika."

"Ni Baba," mume wangu alisema. "Hawezi kumdhuru mjukuu wake."

Mama alivuta juu mkono wa gauni lake. Mfupa wa kifundo cha mkono wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya, ukatoka pembeni kama fundo la kamba.

"Ulidhani nilianguka bafuni. Nilikwambia hivyo. Siku moja aliukosa mwimo, akanishika mimi. Alikuwa hai, alinipenda, na aliuvunja. Hakukusudia, alikuwa anaogopa kuanguka." Alishusha mkono wa gauni. "Huyu wa sasa sijui kama anamjua mtu yeyote. Anajua hatua, na anajua kushika."

Nilimkumbatia mtoto. Alikuwa akitafuna kona ya ramani yangu.

"Tumhamishe chumba," nilisema.

"Umhamishie wapi? Zulia lako halikukatwa. Hakuna kitakachomsimamisha, atapita kila chumba."

"Basi fundi arudishe kizingiti leo hii," mume wangu alisema.

"Na yeye yuko upande gani?"

Nilijibu mimi, kwa sababu ramani ilikuwa mbele yangu.

"Yuko ndani. Tukikirudisha leo, tunamfungia upande wa mtoto."

"Ndiyo," Mama alisema. "Kwanza arudi. Kesho nitasimama mimi."

Tulimlaza mtoto jikoni, ndani ya beseni kubwa lililotandikwa blanketi, na sisi tukakaa naye.

Jumamosi saa tatu na dakika hamsini Sentimita alifika na kizingiti kwapani na drili mkononi.

"Miaka kumi na tisa nalaza mazulia," alisema, "sijawahi kuitwa nirudishe kizingiti kwa saa maalumu. Nianze?"

"Bado," nilimwambia. "Kaa hapa kwenye mwimo. Nikisema sasa, ukate zulia, ukifunge."

"Tunasubiri nini?"

"Kuna mtu atapita."

Alitazama korido tupu, akanitazama mimi. Mteja ni mteja. Alikaa.

Mume wangu alikuwa amekitoa kitanda cha mtoto nje, na yeye mwenyewe alikuwa huko nje na mtoto, chini ya ukingo wa paa, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza tena. Mama alisimama mahali pa kitanda, peku. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Toa ule mzima, Mama," nilimnong'oneza.

"Huu anaujua."

Nilibaki koridoni, mgongo ukutani. Zulia lilikuwa limechanwa. Nililichana mwenyewe asubuhi, kwa sababu nilitaka kuona kila kitu. Saa nne na robo, mlangoni pa chumba cha mtoto, manyoya yalilala chini. Hapakuwa na sauti yoyote. Unyayo mmoja wa mwanamume ulijichora, vidole vitano, kisigino, ukatulia. Kisha pembeni yake mchirizi ulijivuta mbele polepole, ukasimama.

Nilihesabu. Tatu. Nne. Kila mchirizi ulichukua muda mrefu kuliko unyayo. Kwenye ya saba alama zilisimama, na unyayo wa kulia ukazama zaidi, kama mtu anayevuta pumzi. Nane. Tisa. Kumi.

Kwenye ya kumi na moja kitambaa cha gauni la Mama kilibana kwenye kifundo cha mkono. Niliona mabonyeo manne juu na moja chini. Rangi ya vidole vya Mama iligeuka. Meno yake yaligusana mara moja, nikayasikia.

"Haya," alisema. "Umenipata. Pole pole. Geuka."

Zulia lilizunguka mbele ya miguu yake, duara dogo la manyoya yaliyovurugika.

"Twende. Leo ni nyingi, najua. Daktari wako hayupo, usitafute wa kumlalamikia."

Walinipita koridoni. Naandika "walinipita" kwa sababu nyayo zilikuwa za watu wawili, za Mama ndogo na nyepesi, na zile nyingine kando yake. Nilisikia ubaridi wa sakafu iliyopigwa deki muda huo huo, na harufu ya nta. Mama aliendelea kusema maneno madogo, ya kawaida, ya mtu aliyemzoea mtu: inua, hivyo hivyo, usiniegemee sana, umekuwa mzito. Hatua kumi na mbili hazikumsimamisha, wala ishirini na nne. Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa ukimvuta.

Sentimita aliziona nyayo zikimjia. Alivuta magoti yake kifuani na kuacha njia. Unyayo ulipita mbele yake, kisha mchirizi, na ukingo wa mchirizi ulimgusa kiatu. Nilimwona akikitazama kiatu hicho.

"Sasa!" nilisema.

Hakuchukua tepu. Alikata zulia kutoka mwimo hadi mwimo kwa mkato mmoja, ulionyooka kama mstari wa rula, akalikunja pande zote mbili, akakiweka kizingiti mahali pake na kukifunga skrubu sita.

Mama alifika kwenye kiti. Mto wa kiti ulibonyea, ukatoa pumzi. Lakini yeye alibaki ameinama, mkono wake umenyooka mbele, na mabonyeo matano yalikuwa bado kwenye kitambaa. Dakika moja ilipita. Nilifika karibu naye, nikamshika bega.

"Usinivute," alisema bila kugeuka. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini na yenye kubembeleza, akasema, "Niachie. Nipo hapa hapa. Kesho saa nne na robo, kama kawaida."

Kitambaa kilikunjuka, bonyeo moja baada ya jingine.

Mchana huo kila mmoja alishika kazi yake. Sentimita aling'oa zulia la sebule lote bila kupima chochote, akaliacha lile la korido na la chumba cha mtoto, akaondoka na soksi tu miguuni. Viatu vyake aliviacha mlangoni na hakurudi kuvichukua. Mume wangu alimpeleka Mama kufungwa bandeji, kisha akapiga magoti na kuisugua saruji ya sebule kwa nta hadi Jumapili jioni. Mama, mkono ukiwa kwenye kitambaa cha kuning'iniza, aliweka kigoda chake karibu na kiti cha dirishani. Kila siku saa nne na robo huketi hapo, na hunyanyua miguu yake ili njia iwe wazi. Mtoto alitambaa mpaka kwenye kizingiti, akakipiga kwa kiganja, akasikiliza, akakipiga tena. Mimi niliacha kufua saa nne. Nakaa jikoni, mlango ukiwa wazi, nikihesabu kumi na mbili, to, na kumi na mbili. Saa sita kasorobo naichana korido na chumba cha mtoto kama nilivyofundishwa nyumbani, ila kabla ya kuchana nasimama kwenye kizingiti na kutazama kama kuna alama.